Aliondoka, Nikapona

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa nane, mwaka jana, tulimpoteza Shangazi Kabula, dada pekee wa baba yangu. Alhamisi yake tulimzika katika makaburi ya Mkolani, upande ule wa mji alikoishi kwenye chumba cha kupanga kwa karibu miaka ishirini. Hakuzikwa nyumbani kwetu kando ya ziwa, ambako mama yake amelala na ambako nafasi ya pembeni yake ilikuwa wazi na bado iko wazi. Watu waliofika msibani walinipa pole, nami nikazipokea, lakini kila aliyenishika mkono nilimtazama viatu. Sababu ya marehemu kulala mbali na kwao nilikuwa mimi. Sikuwa nimemkosea neno. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, nikaugua, kisha nikapona. Kuugua kwangu kulimtoa nyumbani, na kupona kwangu kukamfungia mlango nyuma yake.

Msimu ule hunijia kwanza kwa harufu ya dagaa waliolowa mvua. Kwetu ni upande wa Kayenze, mahali ambapo mawe makubwa yanaanzia milimani na kushuka mpaka ndani ya maji, na akina mama walianika dagaa juu ya mawe hayo hayo, kila mmoja na jiwe lake. Dagaa wakipata jua wana harufu kavu, ya kutamanisha. Wakinyeshewa kabla hawajakauka hutoa harufu nzito ya uchachu ambayo inaingia kwenye nywele, kwenye mashuka, hata kwenye madaftari ya shule. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Alitoka jioni na karabai zake akarudi asubuhi macho mekundu, akala, akalala. Siku za mbalamwezi hawakuvua, kwa sababu dagaa hawaifuati taa wakati ziwa zima linang'aa. Kwa hiyo siku hizo wanaume walikuwepo nyumbani, wametulia, na mambo yote ya ukoo yaliyokuwa yamesubiri yaliwekwa mezani: mahari, mipaka ya mashamba, ugomvi. Tulipoona mwezi unakua, sisi watoto tulijua vikao vinakuja.

Masika yalipoanza kukolea ndipo Shangazi Kabula alipofika, na begi moja na sufuria mbili zilizofungwa ndani ya kitenge. Mume wake alikuwa amefariki ng'ambo ya ziwa, na shemeji zake walikuwa wamegawana kila kitu, mpaka kitanda. Alikuja na nywele zake za msiba kichwani. Kwa desturi yetu mjane ananyolewa na watu wa upande wa mume, na kabla ya hapo haendi kukaa kwa ndugu zake wala hashiki chungu cha nyumba nyingine. Lakini waliopaswa kumnyoa ndio hao waliomfukuza. Baba alimtazama mlangoni, akachukua lile begi, akaliingiza ndani. Nampa baba haki yake hapo. Alimpenda dada yake.

Nasi tulimpenda. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wa maneno machache, na shangazi alikuja na maneno ya kutosha watu kumi. Alimwita baba "Bwana Bandari" kwa jinsi alivyokagua kila ndoo iliyoingia uani. Mimi aliniita baba, kama shangazi wanavyowaita watoto wa kaka zao, na aliposema "baba, njoo ule" mimi na baba yangu tulisimama wote wawili, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Aliniwekea kichwa cha sangara, akanifundisha kutoa nyama iliyo nyuma ya shavu, akisema hapo ndipo samaki anapoficha utamu wake. Jirani yetu Mashaka, mtoto wa rika langu, alianza kula kwetu karibu kila siku kwa sababu ya mapishi yake. Nataja hili la Mashaka kula kwetu kwa makusudi, maana lilikuja kutumika.

Sasa niseme jambo ambalo watoto wa kiume wa ziwani wanalijua. Mimi na Mashaka tulikuwa tunakojoa damu. Hatukuwa sisi peke yetu. Tulikuwa na jiwe letu nyuma ya nyumba, jeupe kwa mavi ya ndege, na tulisimama pale jioni kushindana mkojo wa nani ni mwekundu zaidi. Tulidhani ni kukua. Wavulana wakubwa walikuwa wametuambia kwamba kila mwanamume hupita hapo, nasi tulijivuna. Mashindano hayo yalianza tangu kiangazi, tukiwa tunashinda majini mchana kutwa, shangazi akiwa bado ng'ambo na mume wake mzima. Miaka mingi baadaye ndipo niliposikia vizuri habari za konokono wa kwenye majani ya ufukweni na mdudu anayetoka kwao na kuingia kwenye ngozi. Wakati ule kichocho lilikuwa neno tu lililobandikwa ukutani shuleni.

Mama aliligundua alipokuwa akifua kaptula yangu. Wiki hiyo nilikuwa nimeanza kuumwa kweli, tumbo la chini linachoma na haja ndogo inatoka kwa machozi. Alitaka kunipeleka zahanati siku hiyo hiyo. Lakini Babu Lutonja, baba mdogo wa baba yangu, aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu baada ya babu yangu kufa, alipita nyumbani akaiona kaptula kwenye beseni. Akamwambia mama asiwe na haraka ya zahanati. "Kwanza tujue nani," alisema, "ndipo tujue nini." Mama akaendelea kufua. Mwezi ulikuwa umeanza kukua, baba alikuwa karibu kupumzika, na kikao kikapangwa mchana wa Jumamosi.

Nilikaa jikoni, mlango wa nyuma ukiwa wazi, na karibu yote niliyasikia. Babu Lutonja alikuwa msemaji. Alisema polepole, akimwangalia kila mtu kwa zamu, na alikuwa na namna ya kuuliza maswali yenye jibu moja tu. Je, mtoto alikuwa anaumwa mwaka jana? Hakuwa anaumwa. Je, Kabula alikuwepo mwaka jana? Hakuwepo. Je, Kabula amefika na nywele za msiba? Ndizo hizo. Je, ameshika chungu? Ameshika. Tangu afike, mtoto anakojoa damu. Yeye hakumtaja mtu kuwa mbaya, alisema. Alikuwa anahesabu tu mambo yaliyo wazi.

Shangazi alijibu kwa namna yake. "Baba mdogo," alisema, "tangu nifike bati la jikoni limetoboka. Na mbwa wenu amepata mimba. Naye mbwa nimempa mimi?"

Nilisikia mtu akicheka, nadhani alikuwa baba, kicheko kifupi kilichokatika. Babu Lutonja hakucheka. Akawaomba watu waangalie wenyewe: mtoto anatoka damu na mwanamke huyu anafanya mzaha. Mwenye uchungu na mtoto hawezi kucheka. Basi shangazi akaanza kulia, maana alikuwa na uchungu wa mambo mengi, na babu akauliza analia nini kama hana kitu moyoni. Shangazi akanyamaza. Babu akasema, mnaona, amekosa la kusema. Nilikuwa na miaka tisa, na pale jikoni, nikiwa nimeshika tumbo, niliona kwa mara ya kwanza kitu ambacho sikuwa na jina lake na hata leo sina: maneno yaliyopangwa hivi kwamba mtu akienda kulia amekosa, akienda kushoto amekosa, na akisimama amekosa pia.

Mama alikuja jikoni kuchukua maji, na hapo nikamvuta kitenge nikamwambia ukweli, kwamba ilianza kiangazi, kabla shangazi hajaja, na kwamba Mashaka anayo pia. Niliona aibu kutaja mambo ya sehemu zile kwa mama yangu, lakini nilisema. Mama alimaliza kuchota. Kisha akarudi na maji, na, nampa naye haki yake, aliyatoa maneno yangu mbele ya wanaume. Nilidhani nimemwokoa shangazi. Halafu Babu Lutonja akauliza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto hesabu, "Kwani mchawi anahitaji nauli?" Kabula alikuwa amefanya kazi yake tangu ng'ambo, alisema. Na huyo Mashaka anakula wapi? Si hapa hapa, kwa mkono huo huo?

Hapo baba aliinama. Sijui alikuwa anaamini au alikuwa amechoka. Alisema tu kwamba ana mtoto mmoja wa kiume.

Shangazi aliondoka Jumatatu asubuhi. Alifunga sufuria zake kwenye kitenge kile kile. Alinikuta nimeketi kwenye jiwe la dagaa la mama, akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Baba, ule vizuri." Mvua ilikuwa inaanza na mama aliita tukusanye dagaa. Nilikwenda kukusanya, na nilipogeuka alikuwa amekwishapita kwenye kona ya njia.

Wiki hiyo hiyo, siku ya Alhamisi, tuliambiwa shuleni tuje na vikombe. Tulipewa uji kwanza, mzito na wenye sukari, tukajua kuna jambo. Wageni kutoka idara ya afya walikuwa wamesimamisha ubao mrefu mwembamba uliopakwa rangi kwa mafungu, na kila mtoto alivua viatu akasimama mgongo ukiugusa. Hawakumuuliza mtu anaumwa nini. Urefu wako uliishia kwenye rangi gani, ndiyo idadi ya vidonge vyako. Vilikuwa vikubwa na vichungu, na mwalimu alisimama mbele ya kila mmoja mpaka ameze, kisha anafungua kinywa aonyeshe. Mashaka alikuwa mrefu kunizidi akapata kidonge kimoja zaidi, akajisifu njia nzima. Jioni wengi wetu tulitapika. Baada ya hapo nilianza kupata nafuu. Haikuwa siku moja, lakini kabla likizo ya mwezi wa sita haijafika tulisimama kwenye jiwe letu, mimi na Mashaka, na hapakuwa na mshindi. Ilikuwa njano tu, kama ya watu wengine. Tulisikitika kidogo.

Babu Lutonja alikuja, akaniita mbele ya baba, akaniuliza kama nimepona. Nikasema nimepona. Ilikuwa kweli. Alimgeukia baba akafungua mikono yake miwili. Mama alijaribu kutaja vidonge vya shule. Baba akamjibu kwamba vidonge wamekunywa shule nzima, lakini ni nyumba hii tu iliyomwondoa mtu. Hakuna aliyesema kwamba shule nzima nayo imepona. Mimi sikulisema kwa sababu sikuliona. Na nitasema na hili, ingawa nalionea aibu kuliko yote: niliamini. Mwili wangu ulikuwa umepona, sikulia tena nikienda haja, na mtoto hawezi kubishana na tumbo lake mwenyewe. Kwa miaka kadhaa, nikisikia jina la shangazi, nilimkumbuka kwa woga.

Sikusoma sana. Niliishia kidato cha pili, nikaja mjini kujifunza ufundi wa umeme, na sasa nina kibanda Igoma. Kazi hii ndiyo iliyonirudisha kwenye kikao kile bila mimi kutaka. Fundi umeme anashtakiwa kila wiki. Mama mmoja wa Kiseke nilimbadilishia swichi ya sebuleni, baada ya siku mbili akanipigia simu akifoka: tangu nije, friji lake haligandishi. Nikaenda, nikafungua friji, nikakuta gesi imeisha. Nikamweleza swichi iko ukuta huu na friji liko ukuta ule, hazijuani. Akaniambia, "Lakini kabla hujaja lilikuwa linagandisha." Nilitaka kucheka, na kicheko kikagoma, kwa sababu niliisikia sauti ya Babu Lutonja ndani ya sauti ya yule mama. Nami si mwema kuliko yeye. Mwaka ambao waya zangu ziliibwa kibandani, mtu wa kwanza kumfikiria alikuwa mpangaji mpya wa mlango wa pili, na sababu yangu ilikuwa hiyo hiyo moja, kwamba tangu ahamie. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwake kabla sijajiuliza nina kitu gani kingine. Sikuwa nacho. Nikamsalimia, nikarudi.

Baada ya mambo ya namna hiyo ndipo nilipokwenda Mkolani kumtafuta. Alikuwa akiuza uji na maandazi asubuhi kwa vijana wa bodaboda, nao walimwita Bibi Moto. Alikuwa amenenepa, na nywele zake, ambazo mwishowe alizinyoa mwenyewe kwa wembe mbele ya kioo, zilikuwa zimeota upya na mvi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akinikazia macho, kisha akasema, "Baba, njoo ule." Nilivuta umeme chumbani kwake, taa moja na soketi. Siku hiyo nilimweleza habari za kiangazi, za ule ubao wenye rangi, na za Mashaka. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayepeleka habari kubwa. Yeye alikuwa anachekecha unga.

"Mimi nilijua," alisema. "Jioni ile niliyofika, sijafungua hata begi, niliwasikia nyuma ya jiwe mnashindana."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilimwambia baba yako, sisi wawili tu, asubuhi kabla ya kikao. Akaniuliza nimejuaje." Akaendelea kuchekecha. "Ningemjibu nini? Nikisema nimesikia, ataniuliza nilifuata nini kule nyuma."

Hatukulizungumza tena. Nilikuwa nampitia kila nipatapo kazi upande ule, mpaka presha ilipompata mwezi wa nane.

Jumatano, siku moja kabla ya kuzika, nilikwenda nyumbani ziwani kumwomba baba nafasi iliyo pembeni ya bibi. Babu Lutonja alishakufa zamani, kwa hiyo neno lilikuwa la baba peke yake. Nilimkuta ameketi nje na mguu wake mbovu ameunyoosha. Harufu ilikuwa ile ile, ingawa dagaa sasa wanaanikwa kwenye vichanja vya nyavu na mawe yamebaki matupu. Nilimweleza yote kwa mpangilio, polepole, nikianza na kiangazi. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alisugua goti, na nilidhani amenielewa. Kisha akasema, "Lakini aliondoka, ukapona."

Nilitafuta uongo ndani ya maneno hayo nisiuone. Kila nusu yake ilikuwa kweli. Nilimjibu, "Ndiyo, baba. Aliondoka. Na nilipona." Akasema basi azikwe kule kule Mkolani, na kwamba atakuja.

Alikuja kweli, na mama, wamechelewa kidogo. Alikuwa wa kwanza kuitwa kutupa udongo, kama kaka wa marehemu, akatupa. Vijana waliochimba kaburi walikuwa wamesimama pembeni na majembe yao, na mmoja wao alikuwa Mashaka, ambaye siku hizi ana duka la vipuri jirani na kibanda changu na alikuja tangu alfajiri bila kuitwa. Ulipofika wakati wa kunawa nilishika jagi na beseni. Baba alinyoosha mikono, lakini alikuwa anamtazama Mashaka aliyesimama nyuma yake kwenye foleni.

"Wewe si Mashaka?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Nilianza kummiminia maji. "Wewe ulipona lini?"

"Nini, mzee?"

"Ile damu yenu."

Mashaka alinitazama, akacheka kwa aibu, mtu mzima mwenye watoto watatu akiulizwa habari hizo makaburini. "Aa, mzee, mambo ya zamani hayo. Si wakati ule wa vidonge? Tulipona wote. Darasa zima."

Nilimmiminia baba mpaka jagi likaisha, naye alikuwa bado amenyoosha mikono.